Sekunde Kumi na Moja za Wekesa

Waliokuwepo siku hiyo ukumbini Kibera, pale karibu na mtaa wa Olympic, ni hawa, na kama nimemwacha mtu asininunie, maana watu walijaa mpaka madirishani. Kwanza mimi, Rosebella Adhiambo, mama yake Auma, mkaazi wa Lindi ya Kibera, ambaye watoto wa huko huniita Dani Kengele, yaani Bibi Kengele. Wekesa wa Kabiro, kule Kawangware, bondia wa zamani ambaye sasa ni kocha. Nafula, kifungua mimba wake, aliyekuja kupigania mkanda. Triza, mwenye mkanda. Sospeter, promota aliyeandaa pigano, ambaye pia ndiye meneja wa Triza. Hilo liweke akilini. Majaji watatu: Erasto, Pius na Madam Lonah. Elkana, msimamizi wa majaji, mtu mfupi mwenye kitabu cha sheria kisichotoka kwapani. Otis, mtoto wa jirani yangu, ambaye tangu azaliwe kati yetu kuna ukuta wa mabati tu. Na Mzee Zablon aliyenifundisha kazi. Huyo alikuwa ameshafariki, lakini mimi humhesabu.

Nyinyi mnaovaa glavu siku hizi mkajipiga picha kabla hata hamjatoka jasho, nawaandikia nyinyi. Mjukuu wangu amesahihisha herufi. Maneno ameyaacha.

Kazi yangu ilikuwa kengele. Shule niliishia darasa la pili, na nilianza kwa kuuza uji nje ya gym. Mzee Zablon ndiye aliyekuwa mtunza saa, na bega lake likaanza kumsumbua. Akaniambia, "Adhiambo, weka hiyo kata chini, njoo unipigie hiki chuma." Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha reli, urefu wa mkono wangu. Usiniulize kilitoka wapi. Treni ilikuwa ikipita Kibera na bado inapita.

Sikilizeni, kuna namna. Reli huning'inizwa kwa waya. Kamba ya manila hulegea, chuma kikagusa mguu wa meza na sauti ikafa kama ya kikombe kilichojaa. Hupigwa kwa bolti nene, karibu na ncha ya chini, pigo moja, na mkono unarudi haraka kama umegusa sufuria ya moto. Zikibaki sekunde kumi raundi iishe, unagonga meza mara tatu kwa kipande cha mti, ko, ko, ko, bondia ajue. Na kubwa kuliko yote, ambalo Mzee Zablon alinifunza kwa kunikanyaga mguu kila nilipokosea: mtunza saa haangalii ngumi.

"Macho ni ya saa," alikuwa akisema. "Ngumi achia masikio."

Mwanzoni niliona ananionea. Ukae mbele kabisa, na usione kitu? Lakini baada ya miaka masikio yalifunguka. Ngumi inayoingia mbavuni ina sauti ya blanketi lililoloa likipigwa kwenye jiwe. Inayoishia kwenye glavu ya mwenzake hulia kavu, pwaa, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu wa nyuma. Inayoingia taya haina kelele kabisa. Unasikia tu viatu vimeacha kucheza. Wengi wanaojiita wataalamu hushangilia ile kavu.

Sasa twende kwa yale mnayoniuliza kila mara. "Dani, ni kweli mapigano yalikuwa yanauzwa?" Wajukuu, mengine yalikuwa yanauzwa na mengine yalikuwa yanahukumiwa na watu waliolala. Kutoka nje huwezi kujua tofauti. Jaji mbaya haji amevaa kofia ya mwizi. Anakuja anakunywa soda. Anakaa mahali nguzo inamkinga nusu ya ulingo, na hasogezi kiti. Anaandika karatasi yake, anaikunja mara nne, inaingia mfukoni kwa msimamizi, na mwishoni mwanamume mmoja mwenye suti anatangaza jina. Ukumbi wote unapiga mayowe, na hakuna anayejua nani aliandika nini.

Kulikuwa na bondia wa Kawangware akiitwa Barasa, mwenye mikono kama mikungu ya ndizi. Huyu alikuwa amepewa maneno kwamba aanguke raundi ya nne. Mtu mzuri Barasa, lakini hesabu na yeye hawakusalimiana. Kabla ya hiyo ya nne akainama juu ya kamba, karibu na meza yangu, damu puani, akaninong'oneza, "Mama Auma, hii inayokuja ni ya ngapi?"

Nikamwangalia. Nikaelewa yote hapo hapo, maana hakuna bondia anayejali raundi ni ya ngapi akiwa anashinda.

"Ya tano, baba," nikamwambia.

"Ya tano? Ngai! Imenipita!"

Akarudi katikati ya ulingo amejikasirikia vibaya mno, na hasira yote ikamwishia mwenzake. Dakika moja, yule mwenzake yuko chini anatafuta dari. Refa alipomwinua Barasa mkono, alinitazama kama mtoto aliyeibiwa. Baadaye akaja kwa uji. "Ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Sasa shikilia hicho kikombe kwa mkono ulioinuliwa."

Mnacheka. Nami nilicheka miaka. Mtu akicheka wizi wa wengine sana, muulize wake ameuficha wapi.

Wangu ni huu. Nafula alikuwa bado tumboni mwa mamake. Wekesa, babake, alipambana na Otis wetu wa Lindi, na aliyeshinda angechukuliwa na kambi kubwa ya mjini, aache kubeba mawe kwa mjengo. Otis nilimjua tangu akiwa analia usiku kupitia ukuta. Raundi ya mwisho nikagonga meza, ko, ko, ko? Hapana. Sikufika huko. Nilisikia blanketi lililoloa, mara moja, mara mbili, mara tatu, na mamake Otis nyuma yangu akaita, "Rosebella! Mtoto!"

Nikainua macho.

Otis alikuwa ameegemea kamba, mikono chini, na Wekesa anavuta mkono wa kulia nyuma kama mtu anayefungua mlango mzito. Bolti ikaondoka yenyewe. Kengele ililia. Nilipoangalia saa, zilikuwa zimebaki sekunde kumi na moja.

Otis akapewa ushindi kwa pointi. Watu wa Kawangware walivunja viti. "Mmeuza! Majaji wezi!" Nao majaji, maskini, siku hiyo waliandika haki yao. Hakuna hata mmoja aliyeitazama kengele. Ni Mzee Zablon peke yake, tukifungua waya, aliyesema bila kuinua kichwa, "Adhiambo, leo saa yako imekula sekunde kumi na moja. Imeshiba?"

Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu sikuinua macho tena, hata ukumbi ungeshika moto. Lakini Wekesa hakuchukuliwa na kambi yoyote. Alibeba mawe mpaka mgongo ukakataa, kisha akafungua gym Kabiro, chumba kimoja cha mabati, magunia mawili ya mchanga. Tukikutana ananisalimu kwa mikono miwili. Hiyo heshima ilinichoma kuliko tusi.

Halafu ikaja kengele ya stima, ya umeme. Kisanduku chenye taa nyekundu, kinahesabu chenyewe, kinalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Nikarudi nyumbani na reli yangu, nikaining'iniza mlangoni, nikawa naanikia vitambaa vya vyombo.

Wekesa alinijia nyumbani siku tatu kabla ya pigano la Nafula. Akakataa kiti, akachuchumaa.

"Mama Auma, Jumamosi njoo tu ukae mbele. Sikuombi kitu."

"Kuna nini?"

"Majaji wamekula meza moja na Sospeter jana. Watoto wangu wamewaona. Nafula akishinda huo mkanda, kuna watu wanamngoja, atatoka. Asiposhinda, Jumatatu anarudi kufua nguo za watu mtaani. Ameniambia mwenyewe, 'Baba, hii ni ya mwisho.'" Akafuta uso. "Wewe ndiye mtu wa pekee kwenye ile meza niliyewahi kumwamini."

Chai iliniponyoka ikamwagikia leso.

Jumamosi mchana nikaenda. Na nikabeba reli yangu ndani ya kikapu, chini ya sukuma wiki. Kwa nini? Sijui. Labda kwa sababu ninaijua stima ya Kibera kuliko Sospeter anavyoijua.

Stima ilipotea saa tisa na dakika chache, mapigano ya chipukizi yakiwa ndiyo yameisha na Nafula amepanda ulingoni. Taa, spika, kisanduku, vyote kimya. Mwanga ulikuwepo wa kutosha, jua linapita kwenye matundu ya bati. Lakini hakuna kengele. Vijana wakaanza, "Rudisheni pesa! Ama tupige raundi na vijiko?" Kijana mmoja akaelekeza kidole. "Si Dani ako hapa? Dani Kengele ako na ile chuma yake!"

Sospeter akaja mbio, tabasamu mpaka masikioni. "Mathe, tuokoe. Dakika mbili mbili, raundi nane. Unaweza?"

"Naweza. Lakini nina neno."

Sasa niwaeleze desturi yetu. Sisi kina mama wa kundi la kupika matanga pale Lindi, sufuria ikiwa kubwa ya watu mia, chumvi haiamuliwi na mtu mmoja. Wanaonja watatu. Kisha wanageuziana migongo, na mkubwa wa jiko akisema "Haya," wote wanainua mkono pamoja: mwiko ni imetosha, kifuniko ni bado. Tunageuziana migongo kwa sababu ukimwangalia mama mkwe wako ameinua mwiko, wewe binti utainua mwiko hata kama chakula hakina chumvi kabisa.

Nikasimama, nikasema kwa sauti, maana spika hazikuwepo. "Kengele yangu haitalia raundi ya pili mpaka majaji wainue kitambaa cha raundi ya kwanza. Na hivyo hivyo mpaka mwisho. Chekundu kwa kona nyekundu ya Nafula, bluu kwa kona ya Triza. Waandike karatasi zao kama kawaida. Lakini tuone."

Sospeter akacheka. "Mathe, hii ni mchezo wa kulipwa, si mchango wa kanisa. Unawashuku majaji wangu?"

Hapo, wajukuu, ningeweza kusema ndiyo nikae chini, na ukumbi ungenipigia makofi. Lakini niliona Wekesa kwenye kona ya bintiye, ndoo mkononi, ananitazama na ule uaminifu wake.

"Siwashuku wao tu," nikasema. "Mimi mwenyewe niliwahi kuiba. Pigano la Wekesa na Otis, raundi ya mwisho, nilipiga kengele kabla ya wakati. Sekunde kumi na moja. Nilimwokoa mtoto wa jirani. Hakuna aliyenilipa na hakuna aliyenituma, ni moyo tu. Na kama mimi niliyefundishwa na Zablon niliweza, nani hawezi? Ndiyo maana nataka mikono ionekane. Hata huu wangu. Saa hii hapa, Elkana akae nami aitazame."

Kisha Otis, aliyeusimulia ushindi ule kwa kila mtu Lindi, mpaka kwa kinyozi, akainuka katikati ya watu.

"Mama Auma! Kumbe?"

"Kumbe, Otis."

"Na vile nimeringa!" Akakaa, kofia usoni. Watu wakapasuka kicheko, na kicheko hicho kilinisaidia kupumua. Lakini Wekesa hakucheka. Aliweka ndoo chini polepole. Akasema neno moja tu. "Pigano lianze, Mama Auma."

Elkana akafungua kitabu chake, akapekua mbele, akapekua nyuma. "Kitabu hakisemi vitambaa," akasema. "Lakini hakikatazi."

"Mimi sina shida," Madam Lonah akaita kutoka kiti chake. "Nileteeni kitambaa." Baada ya hapo Pius na Erasto wangekataa vipi? Vyekundu tulirarua joho kuukuu la kwaya, bluu tukapata kwa sketi ya shule ya binti mmoja pale, mamake ananung'unika mpaka leo.

Nikapiga. Weh! Hiyo sauti ilivyotembea kwenye mabati! Kisha macho yangu yakashuka kwa saa, Elkana begani mwangu, na sikuona ngumi hata moja. Nawasimulia kwa masikio.

Raundi ya kwanza nilisikia blanketi lililoloa zaidi kutoka kwa Nafula. Vitambaa vikapanda: vyekundu viwili, na Erasto peke yake bluu.

"Jaji!" sauti ya mama kutoka Kabiro. "Geuza kiti, unaangalia dirisha!"

Ya pili ilikuwa ya Triza kweli kweli, vyote vitatu bluu, na hakuna aliyebisha. Ya tatu, wananiambia mkono wa Erasto ulianza kwenye bluu, ukapumzika kwenye goti, ukainuka na chekundu kama wenzake. Sospeter alikuwa amesimama karibu naye. Ukumbi mzima ukasema "Aaah!" kwa pamoja, kama watu wanaomshangilia mtoto akichukua hatua ya kwanza. Sospeter akahama.

Ya nne bluu zote. "Haki, hiyo tumepigwa," mama yule wa Kabiro akakubali. Nikajua tumeshinda kitu tayari, hata kabla ya mkanda. Miaka yote sikuwahi kumsikia mtu wa Kawangware akikubali raundi. Ya tano Nafula, ya sita Triza, ya saba Nafula, na majaji wote watatu walikuwa sauti moja. Sasa kila mtu alijua hesabu bila kungoja mwenye suti. Nafula akipoteza ya nane, wangetoka sare kwa Pius na Madam Lonah, na kwa sare mkanda hubaki na mwenyewe. Ilikuwa lazima Nafula achukue ya mwisho.

Ya nane ilianza vibaya. Nilisikia viatu vya Nafula vikiburuta kurudi nyuma. Nilisikia kamba zikilia. Halafu blanketi, mara moja, mara mbili, upande wetu ukanyamaza, na nikajua ni Nafula anayepigwa, palepale mbele yangu, karibu na mahali baba yake alikuwa amemweka Otis. Saa ilisoma zimebaki kumi na moja.

Mnaelewa? Nilikuwa na deni la hizo hizo, kwa mtu yuleyule. Bolti mkononi. Elkana angesema nini? Mkono wa bibi kizee umeteleza. Nusu ya ukumbi wangenibusu.

Nikagonga meza. Ko, ko, ko. Kumi. Macho chini.

Tisa. Nane. Viatu vikazunguka. Saba. Blanketi lililoloa, lakini sasa mlio wa Kabiro wote umepanda pamoja nalo. Sita. Lingine. Tano. Kisha kimya kile cha viatu kuacha kucheza, na kishindo cha mtu ameketi kwenye mbao bila kupenda. Refa anahesabu, moja, mbili, tatu, Triza anainuka, na nikapiga reli kwa nguvu ambazo sikujua bado ninazo.

Ndipo nikainua macho. Vyekundu vitatu. Erasto ndiye aliyeinua juu kuliko wote.

Watu walibeba Nafula, wakabeba reli, wakataka kunibeba mimi nikawaambia kiuno changu si cha mkopo. Triza mwenyewe akaja akamkumbatia Nafula, akasema, "Angalau najua nimepigwa wapi." Mkanda ukatangazwa kwa midomo, bila spika, na Sospeter akaufunga kwenye kiuno cha Nafula kwa mikono yake, akitabasamu kama mtu anayetafuna malimau.

Wekesa akaja wakati nafungua waya. Alikuwa na mkanda begani, bintiye nyuma yake.

"Mama Auma. Hizo sekunde."

"Nisamehe, baba. Kumi na moja, nimezibeba—"

"Zilikuwa kumi na nne."

Nikamwangalia.

"Nilikuwa nahesabu kichwani. Kila bondia anahesabu. Nilijua usiku uleule."

"Ulijua? Na ukaniambia unaniamini?"

"Nilikutazama mapigano mangapi baada ya lile? Hukuinua uso tena hata mara moja. Nikasema, huyu amejihukumu kuliko majaji wote." Kisha akaniwekea mkanda shingoni, mzito kama mtoto wa miezi sita. Nafula akacheka, akaniita bibi kwa lugha ya kwao, "Kukhu, imekufit!" Nikalia mbele za watu bila aibu.

Tangu hapo ukumbi huo na gym za Kabiro hawafungui pigano bila vitambaa, hata stima ikiwepo. Reli nimemwachia Nafula. Amewekwa kwenye mabango mpaka Kawangware stendi.

Sasa ni zamu yenu. Mimi nimeeleza ninavyokumbuka: saa ile nilipoitazama ilisoma kumi na moja, Wekesa anashikilia kumi na nne, na Otis siku hizi anaapa zilikuwa mbili. Kama ulikuwepo, na nimekosea sekunde, au jina, au rangi ya kitambaa, njoo Lindi uulize kwa Dani Kengele. Usininong'oneze mlangoni. Simama mahali watu wanakuona, uinue mkono.